Kilo Tatu za Mizani Yangu

Shughuli nzima ilinigharimu mbuzi dume mmoja, jozi ya makubazi, chumvi yote ya miaka niliyobakiwa nayo, na kilo tatu kwa kila gunia. Fedha za matibabu sizitii humu. Kila nikizitaja, mke wangu huniambia nishukuru badala ya kuhesabu, nami naweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili. Mara zote mbili mbuzi alikuwa mmoja.

Mimi hununua mahindi. Nina ghala dogo Pongwe, kando ya barabara iendayo bara, na nyumba yangu iko nyuma yake, mlango kwa mlango. Wakulima huleta magunia kutoka Maramba na vijiji vya njiani. Nayapima, nalipa, kisha nawauzia wenye mashine za kusaga mjini Tanga. Ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipokuwa na nywele. Kwa hiyo siku daktari aliponiambia kwamba moyo wangu umetanuka, swali langu la kwanza lilikuwa, "Umetanuka kutoka ngapi hadi ngapi?"

Daktari mwenyewe alikuwa rika la binti yangu. Alikuwa ameniamkia shikamoo kwa adabu zote, lakini kwa swali hilo alivua miwani akanitazama vizuri.

"Mzee wangu, moyo ni pampu," alisema. "Yako imechoka. Damu inayoingia haisukumwi yote, maji yanarudi nyuma, yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Ndiyo maana ukilala unakosa pumzi. Unalala na mito mingapi?"

"Miwili."

"Mitatu," alisema mke wangu, aliyekaa nyuma yangu na mkoba mapajani.

"Wa tatu ni mdogo."

"Daktari, andika mitatu. Huo mdogo ni wangu. Mimi nalalia mkono mwezi wa pili huu."

Daktari akaandika mitatu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mito ni kipimo kinachoheshimika hospitalini: mito ikiongezeka, maji yameongezeka. Sijawahi kuona biashara nyingine inayopima maji kwa sufi.

Walinilaza siku saba. Walinipa vidonge vya presha, vidonge vya kuusaidia moyo, na kidonge kimoja kidogo cheupe cha kukojoza, ambacho ukimeza huna haja ya saa, utajua mwenyewe dakika zimefika. Kilo zikanitoka kama maji, kwa kuwa yalikuwa maji. Siku ya kuondoka nilipanda mizani yao, ikasema sabini na nne. Nikaomba nishuke nipande tena. Sabini na nne.

Zilikuwa zimebaki wiki tano binti yangu aolewe. Ni binti wa pekee. Mchumba wake ni kijana wa Moa, na posa ilipoletwa niliipokea siku ile ile bila kuteta hata neno moja. Hapo ndipo mke wangu alipojua kwamba naumwa kweli. Sasa kwetu anayemuoza binti ni baba yake. Anakaa mbele ya shehe, anamshika bwana harusi mkono, anatamka maneno kwa sauti ya kusikika. Baba asipoweza, anaweka mtu. Na mtu niliyekuwa naye ni mdogo wangu, mwema sana, lakini tangu tuzaliwe sijawahi kumsikia akimaliza sentensi. Kumwachia yeye ndoa ya mwanangu ni kumwacha binti nusu ameolewa, nusu anasubiri.

Nilimweleza daktari hayo yote. Akasema hilo linawezekana kabisa, nitasimama kwa miguu yangu, mradi nifuate masharti. Akaanza kuyataja. Chumvi, hapana. Vidonge, kila siku bila kuruka. Maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa siku.

"Lita mbili," nikasema.

"Moja na nusu."

"Daktari, hili joto la Tanga unalijua. Tufanye moja na robo tatu, mimi na wewe tusipoteze."

"Mzee, hapa si ghalani kwako. Moja na nusu."

"Haya, moja na nusu. Lakini chai isihesabiwe."

"Chai ni maji."

"Supu?"

"Supu ni maji."

"Embe?"

Hapo alisitasita, nikajua nimepata pa kuingilia. Tukalijadili embe kwa muda. Tatizo ni kwamba wakati mimi nalipigania embe, yeye alikuwa ameshahamia sharti la mwisho, ambalo ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Nilisikia kichwa na mkia wake tu: kwamba nijipime kila asubuhi, nikishatoka msalani na kabla sijala, niandike kwenye daftari, na nikiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache nisingoje miadi, nije mbio. Katikati alisema kitu kuhusu mizani ya nyumbani na namba ya siku ya kwanza. Katikati hapo mimi nilikuwa kwenye embe.

Alinishauri nikanunue mizani ndogo, zile za kuweka chini chumbani.

"Mwanangu," nikamwambia, "nina mizani inayobeba gunia la kilo mia. Nikanunue ya kubeba nyayo?"

Mizani yenyewe niieleze. Ni ya chuma, chini ina kibao cha kuwekea gunia, juu ina fimbo yenye namba na kijiwe cha kusogeza mpaka fimbo itulie. Nilipoinunua ilikuwa inasema kweli. Mwaka wa pili niliifundisha biashara. Nyuma ya fimbo kuna skrubu. Ukiizungusha kidogo, mizani inasahau kilo tatu. Sikuwa nimefanya hivyo kwa ubaya. Gunia lenyewe lina uzito wake, mahindi yana unyevu, na chini ya gunia hapakosi mchanga: kilo moja, na moja, na moja. Wanunuzi wenzangu hukata vitu hivyo kwa mdomo, wakateta na wakulima asubuhi nzima. Mimi nilikata kwa skrubu, tukaagana kwa kupeana mikono. Miaka ikapita. Skrubu ikaota kutu, nami nikaisahau kama mtu anavyosahau kovu la utotoni. Ungeniuliza siku ile, ningekuapia kwamba mizani yangu iko sawa.

Asubuhi ya kwanza nyumbani nilitoka na kikoi changu, nikapanda pale yanapopanda magunia. Mke wangu akasogeza kijiwe. Fimbo ikatulia.

"Sabini na moja," akasema.

"Rudia."

"Sabini na moja."

Nikashuka nikiwa mtu mpya. Jana hospitalini sabini na nne, leo sabini na moja! Usiku mmoja wa kitanda changu ulikuwa umenishushia kilo tatu. Nikaandika kwenye daftari, juu sabini na nne, chini yake sabini na moja, na pembeni nikaandika: faida, tatu.

"Faida ya nini?" mke wangu akauliza.

"Daktari ananitaka nisizidi sabini na nne. Mimi nina sabini na moja. Nina akiba ya kilo tatu."

"Akiba ya kufanyia nini?"

Jibu nilikuwa nalo, ila si la kumwambia yeye. Lilikuwa linaning'inia jikoni kwa dada yangu, nyumba ya tatu: ng'onda, samaki aliyepasuliwa, akapakwa chumvi na kuanikwa mpaka akakauka kama soli. Ukimpika kwa tui zito, na ugali wa moto pembeni, unaweza kusamehe watu. Siku nne nilijizuia. Siku ya tano mizani ikasema sabini na moja vilevile, nikaona akiba isiyotumika haina maana. Nikaenda kumsalimu dada.

Na siku za magunia nilianza kukiruka kile kidonge cheupe. Haikuwa kiburi. Hebu fikiri: kuna foleni ya wakulima kumi mlangoni, gunia liko juu ya mizani, na mnunuzi anakimbilia msalani mara nne kwa saa. Mtu akitazamwa hivyo, bei inampandia. Nikasema nitakimeza siku zisizo na magunia. Akiba si ipo?

Mizani ikapanda sabini na mbili. Mke wangu akakunja uso. Nikamwonyesha daftari, bado mbili. Ikapanda sabini na tatu. Bado moja. Makubazi yangu ya ngozi yakaanza kunikataa. Nikasema yalinyeshewa, yamesinyaa, nikampa mpita njia mwenye miguu myembamba. Nilikuwa nikitoka ghalani mpaka barabarani napumzika njiani mara mbili, na mara zote nilijifanya natazama magari. Usiku niliongeza mto wa nne, ule wa kiti cha sebuleni. Mke wangu alikuwa akiyaona yote hayo, na kila asubuhi alikuwa akiniambia twende tukamwone daktari. Na kila asubuhi nilikuwa nikimwonyesha daftari. Daftari lilikuwa upande wangu.

Siku ya kumi na sita shemeji yangu alifika kutoka Maramba.

Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, mkulima, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu shamba la pili. Tangu nimuoe dada yake hatujawahi kuzungumza kwa adabu zaidi ya dakika moja, maana shemeji ni mtani, na utani wetu umekuwa kazi ya pili kwa kila mmoja. Yeye husema nilimchukua dada yake kwa mzani mwepesi. Mimi husema nilipewa na nyongeza, naye ndiye hiyo nyongeza. Asubuhi hiyo aliteremsha magunia yake sita kutoka kwenye gari, akaingia ghalani na kunikuta nimesimama juu ya mizani na kikoi.

"Hodi! Leo mahindi yamepanda yenyewe?"

"Karibu, shemeji. Usinitikise, napima moyo."

"Siku hizi moyo unauzwa kwa kilo?"

"Anapima maji," alisema mke wangu, kijiwe mkononi. "Sabini na nne. Kaka, mwambie aende hospitali. Mimi hanisikii."

"Kwa nini niende? Sabini na nne ndiyo hasa aliyoitaka daktari. Nimefika pale pale, sijazidi hata nusu."

Shemeji akanitazama miguu. Akaitazama mizani. Akanitazama tena.

"Sabini na nne kwa mizani gani?"

"Hii hapa. Unaona nyingine?"

Akakaa juu ya gunia. Kwanza nilidhani amechoka na safari. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, kofia ikaanguka, akaanza kucheka kicheko cha kukosa hewa, mpaka nikamwonea wivu, maana mimi hewa ya kucheka hivyo sikuwa nayo.

"Unacheka nini?"

"Mdogo wangu, njoo unishike," alimwambia dada yake. "Wezi nimewaona wengi. Anayejiibia mwenyewe, ndiyo kwanza leo."

"Chunga mdomo, shemeji."

"Kilo tatu! Mizani hii inakula kilo tatu, Maramba nzima inajua. Watoto wetu wakifundishwa kutoa, wanaanzia hapo. Mia toa tatu!"

Nikataka kukana, lakini mkono wangu ulikuwa umeshaenda wenyewe nyuma ya fimbo. Skrubu ilikuwa pale, na kutu yake.

Shemeji akainuka, bado anafuta machozi, akachutama mbele yangu. Akaweka dole gumba kwenye muundi wangu, akabonyeza, akaondoa. Kikabaki kishimo, kama kwenye donge la unga uliokandwa. Tukakitazama wote watatu. Kishimo hakikuwa na haraka ya kujaa.

Hapo alinyamaza. Sijawahi kumwona kimya, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mguu wenyewe.

"Leteni sukari," akasema.

Tulikuwa na mfuko wa sukari wa harusi, kilo hamsini, ulioshonwa kiwandani na haujafunguliwa. Aliubeba mwenyewe begani kutoka ndani, akaniambia nishuke, akauweka kwenye kibao. Mke wangu akasogeza kijiwe. Fimbo ikatulia kwenye arobaini na saba.

"Rudia," nikasema.

Akaurudia. Arobaini na saba.

Sabini na nne na tatu ni sabini na saba. Sikuwahi kuwa na faida. Tangu siku ya kwanza nilikuwa sabini na nne ile ile, na tangu siku ya tano nilikuwa nakula mtaji. Nilizikata kilo tatu zangu mwenyewe, za gunia, za mchanga na za unyevu. Gunia sikuwa nalo. Mchanga sikuwa nao. Unyevu ndio niliokuwa nao, mwingi, na ndio mizani ilikuwa ikiusahau kila asubuhi kama nilivyoifundisha.

Mke wangu alisema neno moja tu: "Bajaji." Nikaenda kuvaa shati.

Hospitalini mizani ilisema sabini na saba na robo. Daktari akalichukua daftari langu, akalisoma kuanzia juu.

"Mzee, umetoka hapa na sabini na nne. Kesho yake umeandika sabini na moja. Hukushangaa?"

"Nilifurahi."

"Nilikwambia namba ya kwanza ya mizani yako ndiyo uifuate, si namba ya hapa kwangu. Mizani hazifanani."

"Nilikuwa kwenye embe," nikasema.

Ikabidi nieleze. Nilipofika kwenye skrubu, daktari aliinua faili akajifunika nalo uso, na nesi aliyekuwa akitafuta mshipa mkononi mwangu akaomba nianze upya kwa kuwa hakusikia mwanzo. Nilianza upya. Siku ile skrubu yangu ilizunguka wodi nzima kabla ya chakula cha mchana.

Alipomaliza kucheka, daktari aliuliza zimebaki siku ngapi.

"Kumi na tisa."

"Ukinisikiliza, utamuoza wewe. Ukijadiliana nami, atamuoza mdogo wako. Chagua."

Nilitafuta kitu cha katikati. Hapakuwa na kitu cha katikati. Ni mara ya pekee maishani mwangu nimelipa bei ya kwanza.

Walinichoma sindano za kukojoza, safari hii bila foleni ya wakulima. Siku ya kwanza sabini na sita. Ya pili sabini na tano. Ya tatu, shemeji alikuja kunitazama kabla hajarudi Maramba. Alivuta kiti, akakohoa kama hakimu.

"Shemeji, umekamatwa na mtani wako na kosa liko wazi. Faini. Mbuzi."

Kwa utani wetu, mtani akikukamata na kosa hulipi kesho wala hukati rufaa. Ukibisha, faini inapanda. Hayo nayajua tangu utotoni. Lakini kitanda cha hospitali humfanya mtu ajisahau.

"Kuku wawili," nikasema.

"Mbuzi dume."

"Kuku watatu, mmojawapo jogoo."

"Mbuzi dume na kamba yake," alisema, akasimama. "Endelea tu, nafika kwenye ng'ombe."

Nikampa mkono. Nesi akashuhudia.

Siku ya nne nilirudi nyumbani na sabini na nne ya kweli. Shemeji alikuwa ameshanyoosha mizani: aliipaka skrubu mafuta, akaizungusha polepole, mfuko wa sukari ukiwa juu ya kibao, mpaka fimbo ikatulia kwenye hamsini. Asubuhi yangu ya kwanza ilisema sabini na nne. Nikalifungua daftari jipya, na mke wangu akaninyang'anya kalamu. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwandishi. Hana pembeni ya faida.

Siku kumi na tano zilizofuata niliishi kama mtu anayebeba trei ya mayai. Kidonge cheupe nilikimeza saa kumi na mbili asubuhi, magunia nikayaanza saa nne, mambo ya msalani yakiwa yamepungua. Wakulima walisubiri, na hakuna bei iliyopanda. Jioni nilitembea mpaka njia panda na kurudi, kwanza kwa kusimama mara mbili, kisha mara moja, kisha nikajikuta nimefika na sijatazama gari hata moja. Mke wangu alijifunza kupika upya. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi: alivipanga mbele yangu kama mashahidi. Mchicha wa kwanza bila chumvi ulikuwa na ladha ya kulamba ukuta. Wa kumi nilimwomba aniongeze. Ugali haukunipa shida, maana haujawahi kuwa na chumvi tangu enzi. Ndio chakula pekee kilichobaki na msimamo wake ule ule.

Siku ya harusi mizani ilisema sabini na tatu na nusu. Mke wangu aliisoma akiwa tayari na hina mikononi, kwa hiyo kijiwe alikisogeza kwa kiwiko.

Watu wa Moa walifika mapema, wengi kuliko tulivyoambiwa, jambo ambalo nilikuwa nimelitarajia na kulihesabia. Shemeji naye akafika kutoka Maramba kwenye gari la mizigo, akiwa amesimama nyuma na mbuzi dume amefungwa kamba mpya. Nikamtambua mbuzi. Alikuwa wangu, yule yule wa faini.

"Mchango wa mjomba wa bibi harusi," alitangaza mbele za watu. Vigelegele vikapigwa. Nilimlipa mbuzi, akanipa mbuzi, akapigiwa vigelegele yeye. Nimelihesabu jambo hilo mara mbili na sijaona nilipopigwa, lakini nilipigwa.

Shehe alipomaliza hotuba alinigeukia. Nikakaa vizuri kwenye mkeka, goti kwa goti na bwana harusi, nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho kuliko wangu, nikampenda papo hapo. Maneno ya kumuoza si mengi, lakini yanataka pumzi moja isiyokatika, na wiki tano nzima nilikuwa nimeyapima kichwani: nitafika katikati niishiwe? Nikavuta hewa. Ikaingia, ikashuka mpaka chini, ikapata nafasi. Nikayatamka yote, mpaka jina la binti, mpaka mahari, sauti ikavuka mlango ikafika uani. Kijana akakubali. Nikabakiwa na pumzi ya ziada na sikujua niifanyie nini, kwa hiyo nikacheka. Kutoka uani nikasikia mke wangu akipiga kigelegele, na namjua, kile hakikuwa cha harusi peke yake.

Pilau ilipakuliwa. Yangu ilitoka kwenye sufuria ndogo ya pembeni, isiyo na chumvi, na ndimu mbili juu. Mdogo wangu alikuja kunipongeza. "Kaka, kwa kweli leo ume…" alisema, akanishika bega. Nilimwelewa.

Wageni wa Moa walilala kwetu, na wageni wanataka mito. Mke wangu alikusanya yote, akaigawa, na asubuhi nilipoamka nilikuwa nimelala chali, na mto mmoja tu chini ya kichwa, ule mdogo. Yeye alikuwa kando yangu amelalia mkono.

"Umelalaje?" akauliza.

"Kama gunia."

"Basi nirudishie mto wangu."

Nikamrudishia. Nikakaa bila mto, nikavuta pumzi mara mbili kuhakikisha. Zote mbili zilikuwepo.

Ningeweza kuishia hapo, ila wiki iliyopita, miezi mitatu baada ya harusi, wenye mashine mjini walinirudishia malalamiko kwamba mahindi yangu yana mchanga unaokula mawe ya kusagia. Malalamiko hayo nilikuwa nayo miaka yote, na siku zote nilijibu kwamba ardhi ya Maramba ndivyo ilivyo. Safari hii nilifungua gunia moja nikalimwaga sakafuni. Chini kabisa, mchanga safi, wa mto, uliochekechwa. Nikaukusanya kwenye ndoo, nikaupima. Kilo tatu kasoro kidogo. Nikamwaga la pili, la mkulima mwingine. Kilo tatu kamili.

Nikampigia shemeji.

"Ah, huo," alisema. "Si ulikuwa unatukata kilo ya mchanga? Tukaona kitu tulichokwisha kukilipia, kwa nini tusikuletee? Ukatukata na unyevu, na gunia. Tukajumlisha tukaweka mchanga wote, ni rahisi kubeba. Mimi nimeacha tangu nilipoinyoosha mizani. Hukuona magunia yangu ni masafi?"

"Na wenzako?"

"Wenzangu hawajui kama imenyooka. Siri ya skrubu ni yako, shemeji. Mimi ni nani hata nimseme mume wa dada yangu?"

Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nakata kilo tatu za mahindi na kupokea kilo tatu za mchanga, na sote tulikuwa tukiagana kwa kupeana mikono. Hapakuwa na aliyeibiwa isipokuwa mawe ya mashine. Sasa mizani yangu inasema kweli, na haiwezi kurudi ilivyokuwa, maana kila asubuhi ndiyo inayoniambia kama nitaiona jioni. Mkulima akinipa mchanga, naununua kwa bei ya mahindi. Nikiwaambia waache mchanga kwa kuwa mizani imenyooka, nakiri kwamba ilikuwa imepinda. Nisipowaambia, nabeba kilo tatu kwa kila gunia mpaka mwisho wa maisha yangu, na daktari anasema maisha yenyewe, nikiendelea hivi, bado ni marefu. Mke wangu anasema niwakusanye wote ghalani, nipande juu ya mizani na kikoi changu, niwaeleze mbele yao. Shemeji anasema akinisikia nimewaeleza, faini ni mbuzi kwa kila mkulima.

Nimewahesabu. Ni thelathini na wanne. Wewe unayesoma, ambaye hujui uso wangu na huna gunia kwangu, hebu nishauri: nipande, au ninyamaze ninunue mchanga?